Siloamu ya Kahama

Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe iliipiga Mwakata, wilayani Kahama. Kuta za udongo zililowa zikawaangukia waliolala, na zaidi ya watu 40 wakafa. Mwezi uliofuata, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, mvua iliingiza tope kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo na 19 wakafia humo. Oktoba 5 duara, yaani shimo la wachimbaji, likaporomoka Nyangalata, wilaya ileile. Siku 41 baadaye, watano walitolewa hai.

Anayetaka kubishana kuhusu haki ya Mungu na miujiza ya Biblia hana haja ya kwenda mbali. Kahama ilimpa kila kitu ndani ya mwaka mmoja, hata mvua ya mawe ya kitabu cha Yoshua. Tofauti ni kwamba kule mawe yaliwaangukia maadui, na hapa yaliwaangukia watoto wa wakulima.

Swali la nani alaumiwe msiba ukija ni la zamani kuliko kanisa la kwanza la Usukuma. Ntemi, mtawala wa jadi, ndiye aliyebeba dhamana ya mvua. Ikigoma kunyesha, kosa lilitafutwa kwake, na wapo watemi walioondolewa kitini kwa sababu ya ukame. Kwa hesabu hiyo kila janga lina mwenye kosa, na kazi ya watu ni kumpata. Wamisionari waliojenga hospitali ya Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, walihubiri Mungu anayewanyeshea wema na waovu mvua moja. Watu wakabatizwa kwa maelfu, lakini hesabu ya kale ikabaki uvunguni. Iliwaandama kwa tuhuma za uchawi vikongwe wenye macho mekundu, wekundu ambao mara nyingi ulikuwa wa moshi wa jikoni tu. Kuanzia 2007 ikazaa unyama mwingine: waganga waliwaaminisha watu kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huvuta dhahabu. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Hukumu ya namna hiyo haikuwa imewahi kutolewa nchini.

Wakosoaji wa Biblia huyaweka haya yote kapu moja: miujiza ni miujiza, ya mganga na ya nabii. Hapo ndipo ninapokataa. Katika sura ya 13 ya Injili ya Luka, Yesu anapashwa habari za watu waliouawa na Pilato, naye mwenyewe anaongeza habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Je, walikuwa na dhambi kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu? Anajibu kwamba sivyo, kisha anawageukia wasikilizaji na kuwataka watubu wao walio hai. Sababu ya mnara kuanguka haitaji. Kwa jibu hilo, mwenye kumtafuta mchawi kila baada ya msiba amenyang'anywa hoja, na mhubiri anayesema Mwakata iliadhibiwa kwa dhambi zake amenyang'anywa pia.

Kitabu cha Ayubu, chenye kesi kubwa kuliko zote dhidi ya haki ya Mungu, kina sura inayoanzia mgodini. Sura ya 28 inaonyesha watu wakining'inia mashimoni mbali na makazi ya wenzao, wakitafuta fedha na dhahabu gizani. Mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu hahitaji kufafanuliwa. Kisha mwandishi anauliza hekima inachimbwa wapi, na anakiri kwamba hakuna duara linaloifikia. Marafiki wa Ayubu, waliokuwa na maelezo ya kila pigo, ndio wanaokemewa na Mungu mwishoni.

Kuhusu miujiza, mwanafalsafa Mskoti David Hume aliandika mwaka 1748 kwamba ushuhuda wa muujiza usiaminiwe mpaka uongo wake uwe wa ajabu kuliko muujiza wenyewe. Hoja nzito, wala sioni aibu kusema hivyo. Lakini iteremshe Nyangalata. Wale watu walikuwa wamekwisha kuhesabiwa wafu. Kwa mazoea, sauti inayotoka chini ya kifusi baada ya wiki tano ni ya mizimu au ni masikio ya msikiaji. Waliotoka walieleza kwamba walikula mizizi, magome ya miti ya kuegemezea shimo na wadudu, wakinywa maji yaliyopenyeza mwambani. Daktari ataeleza yaliyobaki, na ni haki yake. Hapakuvunjwa kanuni ya maumbile, na Nyangalata haithibitishi kwamba bahari iligawanyika. Inachoonyesha ni kidogo, ila kinatosha: mazoea yetu ni kipimo kifupi cha yanayowezekana.

Januari 2017, mgodini RZ Union mkoani Geita, watu 15, mmoja wao Mchina, walifukiwa siku tatu na wote wakatoka. Makanisa yaliimba. Nami ningeimba.

Ila Nyangalata walikuwa sita. Mmoja alifia humo, kando ya wenzake, na siamini kwamba hakuomba. Mchungaji utakayesimulia habari hii Jumapili, tafadhali anza na huyo wa sita.