Maisha baada ya upasuaji wa kupunguza uzito (Musoma, Bunda na Butiama)

Maisha baada ya upasuaji wa kupunguza uzito ni kipindi cha kuzoea mlo mpya, mwili mpya na mahusiano yaliyobadilika. Huanza siku mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitali na, kwa upande wa lishe, hakina kikomo. Mkoani Mara kipindi hiki kina sura yake, kwa kuwa upasuaji wenyewe hufanyika mbali: Dar es Salaam, Nairobi, au India kwa mwenye uwezo. Anayerudi Musoma, Bunda au Butiama hukuta jiko lilelile na ndugu walewale, ambao wengi wao wakimwona mtu amekonda hushika tama. Tumbo hupona kwa wiki chache. Kuishi na tumbo hilo mbele za watu huchukua miaka.

Upasuaji na wanaofanyiwa

Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi duniani. Ya kwanza hukata na kuondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo la chakula, likabaki kama bomba. Sehemu inayoondolewa ndiyo hutoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, na ndiyo maana wengi husema miezi ya mwanzo hawasikii njaa kabisa. Ya pili huchepusha njia ya chakula: kinatengenezwa kifuko cha mililita 30 hivi na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo. Puto linaloingizwa tumboni kwa mpira wenye kamera na kuondolewa baada ya miezi 6 hivi si upasuaji. Kunyonya mafuta chini ya ngozi nako ni jambo jingine, ingawa mtaani vyote hivi huitwa kupunguza tumbo, na mkanganyiko huo humponza mgonjwa anapoulizwa na daktari alifanyiwa nini.

Kwa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila ndiyo iliyofanya huduma za puto na upasuaji zizungumzwe sana katika miaka ya mwanzo ya 2020. Mkurugenzi mtendaji wa Muhimbili wakati huo, Profesa Mohamed Janabi, ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuongoza Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, alikuwa gumzo nchi nzima kwa mawaidha yake juu ya ulaji, kiasi kwamba mtu akisogeza sahani ya wali pembeni mezani huulizwa kama naye amemsikiliza Janabi. Utani huo umewasaidia waliofanyiwa upasuaji: wana jibu la haraka la kumpa mwenyeji anayewalazimisha kula.

Unene wenyewe umeongezeka. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16, asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Wanaohitaji upasuaji ni wachache mno kati yao. Mwongozo wa Marekani wa 1991 uliweka kizingiti kwenye uwiano wa uzito kwa urefu (BMI) wa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya wapasuaji vilishusha hadi 35 hata kwa asiye na maradhi hayo.

Jikoni

Mlo hupandishwa kwa hatua. Wiki mbili za kwanza ni vyakula vya maji tu, kisha vya kupondwa laini, halafu vilaini vya kutafuna, na chakula cha kawaida hurejea kati ya wiki ya 6 na ya 8. Kwa bahati nzuri jiko la Mara lina uji. Kwa bahati mbaya, uji huo hutiwa sukari nyingi. Kwa aliyechepushiwa utumbo, sukari hushuka kwa kasi kwenye utumbo mwembamba, na ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo humwenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linasokota na mbio za chooni zinaanza. Wengine hupatwa na shida ya pili saa 1 hadi 3 baadaye, pale sukari ya damu inaposhuka kupita kiasi na mtu akaanza kutetemeka. Kikombe cha chai yenye vijiko vinne vya sukari kinatosha kuleta yote hayo.

Ugali ndio mtihani mkubwa. Ugali wa muhogo unaoliwa ukanda wa ziwa, ule unaovutika, hujaza kifuko kabla protini haijaingia, na tonge lisilotafunwa hunasa likaleta maumivu ya kifua na kutapika. Wataalamu husema kitangulie kitoweo. Mgonjwa hulenga gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na hapa Mara ina utajiri ambao watu wa bara kavu wangeuonea wivu. Sato wa kuchemsha aliyetolewa miiba hufaa tangu hatua ya vyakula vya kupondwa. Dagaa waliokaushwa vizuri wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao, na wakiliwa na mifupa yao huleta kalsiamu. Wakitwangwa na kuchekechwa, unga wao huingia kwenye uji wa ulezi usio na sukari. Harufu inahitaji kuzoewa, ila makopo ya unga wa protini kutoka ng'ambo ni ghali, na sioni kwa nini mkazi wa Mwigobero, Musoma, ayanunue wakati dagaa wanaanikwa mbele ya mlango wake.

Sahani ya mwezi wa tatu, ukiitazama kwa karibu, inamshangaza mgeni: kipande cha samaki cha ukubwa wa vidole viwili, kijiko kikubwa cha mchicha au mlenda, na tonge moja la ugali ambalo pengine halitaguswa. Huliwa kwa dakika 20 hadi 30, kila tonge likitafunwa hadi liwe uji. Maji hayashushiwi chakula. Husubiri nusu saa, kisha hunywewa kwa mafunda madogo mchana kutwa hadi kufikia lita moja na nusu. Kwa joto la Musoma, anayesahau mafunda hayo huishia kwenye dripu.

Macho ya watu

Kwa wastani mtu hupoteza robo hadi theluthi ya uzito wake ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Mwenye kilo 120 hushuka hadi kati ya 80 na 90. Kasi hiyo huonekana. Sokoni Nyasho, Musoma, mazungumzo hayaanzi na hongera, yanaanza na swali la pembeni, «Dada, unaumwa?», kisha minong'ono. Kanda ya Ziwa ina kumbukumbu nzito: wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kizazi kilichozika ndugu miaka ile kilijifunza kusoma mashavu ya mtu. Aliyekonda ghafla huhesabiwa kuwa ameathirika. Asipohesabiwa hivyo husemwa amerogwa, au biashara imemwendea vibaya. Wapo wanaopunguziwa mkopo kwenye kikundi kwa sababu wenzao wanahofia hawatafika mwisho wa mzunguko.

Hivyo swali la kwanza la kuamua kabla ya kurudi nyumbani ni nani aambiwe. Kuficha kabisa hugeuka mzigo, kwa kuwa kila mlo unahitaji uongo mpya: leo vidonda vya tumbo, kesho mfungo. Kutangaza nako huleta kejeli ya aina yake, kwamba mtu amelipa fedha nyingi ili ashinde njaa ilhali wengine wanaipata bure. Wengi hufanikiwa kwa njia ya katikati: mwenzi wa ndoa, mtu mmoja wa jikoni na mtu mmoja mwenye sauti katika ukoo, tuseme shangazi, ambaye atazima maswali bila kueleza mengi. Huyo wa mwisho ndiye muhimu kuliko watu wanavyodhani. Shangazi akisema «mwacheni, ana masharti ya daktari», sinia zima linatulia.

Sinia lenyewe ni shida nyingine. Msibani watu hula kwa pamoja, kwa kasi, na anayechovya mara mbili na kunawa huonekana ana kinyongo na wafiwa. Ukweni ni vigumu zaidi: mama mkwe aliyechinja kuku hawezi kuelezwa kwamba paja moja ni milo miwili. Ushauri unaofaa ni wa kawaida tu. Mtu apakuliwe peke yake mapema akisaidiwa na wifi anayejua, achukue kilicho cha nyama kwanza, na kinachobaki kifungwe aende nacho nyumbani, jambo ambalo mwenyeji hulipokea kama heshima.

Si kila mahali wembamba ulidharauliwa. Butiama ni kwao Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa hapo 1922 na kuzikwa hapo 1999, na hakuna aliyewahi kudai kwamba wembamba wake ulimpunguzia sauti. Wazee wa Kizanaki wanaweza kukumbushwa hilo kwa utani, na kwa kawaida hucheka.

Moyo na ndoa

Miezi ya mwanzo mara nyingi ni ya furaha. Magoti hayaumi, kupanda bodaboda si aibu tena, na fundi cherehani anabana gauni lilelile mara ya tatu. Chini ya furaha hiyo kuna msiba mdogo usiotajwa. Chakula kilikuwa liwazo la jioni, na liwazo limeondolewa kabla halijapatikana jingine. Kichwa pia huchelewa kuufuata mwili: mtu huendelea kupita upande kwenye mlango wa basi dogo na kuchagua nguo za saizi ya zamani. Kati ya mwezi wa 3 na wa 6 nywele hupukutika, jambo linalotisha na kuthibitisha minong'ono ya majirani, ingawa kwa kawaida huota tena lishe ikikaa sawa. Ngozi iliyolegea tumboni na mikononi haijirudii kwa mazoezi, na wengi huona wamedanganywa kwa kutoambiwa mapema.

Ndoa hutikisika kwa pande zote mbili. Uchambuzi wa takwimu za Sweden uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba baada ya upasuaji huu waliokuwa peke yao walipata wenzi zaidi ya wenzao wasiofanyiwa, na waliokuwa na wenzi waliachana zaidi. Mara si Sweden, lakini wivu wa mume anayeona mkewe anapongezwa stendi ya Bunda hauhitaji takwimu. Afaaye zaidi ni mume aliyeingia chumba cha daktari tangu siku ya kwanza na kusikia kwamba mabadiliko hayo ni matibabu.

Kuna hatari isiyotakiwa kupuuzwa. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliotoka 2016, ulikuta dharura za watu kujidhuru ziliongezeka kwa takriban nusu baada ya upasuaji kuliko kabla yake, nyingi katika mwaka wa pili na wa tatu, wakati pongezi zimekwisha na uzito umeanza kugoma. Pombe nayo hubadilika: kwa aliyechepushiwa utumbo hupanda kichwani upesi na kwa kiwango cha juu, na utegemezi huongezeka kuanzia mwaka wa pili. Chupa mbili za zamani sasa ni kama nne, na gongo ni balaa tupu. Anayekosa usingizi, anayejitenga au anayeanza kunywa peke yake anahitaji kuonwa na wahudumu wa afya ya akili, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa, Musoma, au katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, bila kusubiri kliniki ya upasuaji.

Kazi, safari na uzazi

Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Kwa wiki 6 hivi haibebwi, wala jembe halishikwi, na familia ipange mapema nani ataziba pengo. Safari ya basi hadi Dar es Salaam kwa kliniki ni zaidi ya kilomita 1,000, na abiria wengi hujinyima maji ili wasisumbuke basi linaposimama watu wakachimbe dawa. Kwa aliyetoka kupasuliwa, kukauka maji na kukaa bila kunyoosha miguu hukaribisha damu kuganda kwenye mishipa. Kila kituo ashuke atembee.

Mwanamke hushauriwa kuahirisha mimba kwa miezi 12 hadi 18. Uzito ukishuka, hedhi iliyokuwa imepotea hurudi na mimba hushika kwa wepesi usiotarajiwa, na vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi sana baada ya kuchepusha utumbo. Sindano, kipandikizi au kitanzi ni salama zaidi.

Kwa wahudumu wa vituo vya afya

Mgonjwa wa aina hii anaweza kufika zahanati ya kijijini Butiama kabla hajamfikia mtaalamu yeyote, kwa hiyo abebe nakala ya karatasi ya ruhusa yenye jina la upasuaji na tarehe. Homa, mapigo ya moyo yanayozidi 120 au maumivu makali ya tumbo katika wiki za mwanzo huashiria kuvuja kwa mshono, na rufaa haingoji asubuhi. Mrija wa puani usisukumwe bila mtaalamu. Dozi za kisukari na presha zipimwe upya ndani ya siku chache, maana zile za zamani humwangusha mtu. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila duka la dawa, huleta vidonda kwenye maungio ya kifuko na utumbo, hasa baada ya kuchepusha utumbo; parasetamoli hutosha mara nyingi. Vitamini B12, madini chuma, kalsiamu na vitamini D ni za maisha yote, chuma na kalsiamu vikiachana kwa saa 2, na chuma kisishushiwe na chai. Mjamzito asipewe kipimo cha kunywa glukosi. Sukari yake ipimwe kwa njia nyingine. Na anayetapika kwa siku kadhaa apewe sindano ya vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, kwani glukosi ikitangulia inaweza kumharibia ubongo ndani ya saa chache.