Behewa na Meli Bandarini Kigoma

Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, na mwaka uliofuata reli ya Wabelgiji ikafika Kalemie, mji ulioitwa Albertville wakati huo, hivyo kilichozitenganisha kikawa Ziwa Tanganyika tu. Zote mbili zilikuwa na geji, yaani nafasi kati ya vyuma viwili vya njia, ya mita moja, kwa hiyo kipimo hakikuwa kizuizi cha behewa kuvushwa ng'ambo likiwa na shehena yake.

Chombo cha kazi hiyo kiliwezekana. Katika Ziwa Viktoria, miaka ya 1960, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilileta MV Umoja na MV Uhuru, meli zenye reli juu ya sitaha, ambazo behewa huingia na kutoka bila gunia hata moja kuguswa. Shirika hilo lilimiliki reli na meli pia, na kila kilichookolewa kilirudi katika hazina ileile.

Kigoma mambo yalikuwa mengine. Kwa mkataba wa mwaka 1921, Uingereza iliikodisha Ubelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo ipite bila ushuru wa forodha. Mkataba huo ulifungua njia, lakini uliacha wenye mali wawili, kila mmoja na daftari lake. Gatini kreni ilinyanyua shehena kutoka behewani, makuli wakaipanga melini, makarani wakaihesabu upya, na kila hatua ililipiwa. Anayelipwa kwa kuhamisha mzigo hana haja ya kuona uhamishaji ukikoma. 

Mwaka 1955 Wabelgiji walipanua reli yao hadi milimita 1,067 ili iungane na njia za Katanga, na uwezekano wa awali ukafutika. Kulilaumu ziwa kwa hasara hiyo ni kulionea. Reli mpya inayojengwa kutoka Tabora kwenda Kigoma ina geji ya milimita 1,435, hivyo shehena ya Kongo itaendelea kuhamishwa gatini.