Ukeketaji si tohara

Desemba inapofika na shule kufungwa, hasa katika miaka shufwa, neno moja husikika sana katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, Tanzania: tohara. Mvulana anatahiriwa, msichana anakatwa, na wote huwekwa chini ya jina hilo. Kosa linaanzia hapo. Tohara ina asili ya Kiarabu, na maana yake ni usafi. Nani atashtaki usafi?

Lakini kitenzi keketa, kilichozaa neno ukeketaji, hakina pambo. Ni kukata kwa shida, kama kwa kisu butu. Tena tumbo linalosokota husemwa linakeketa. Ndivyo mambo yalivyo: damu, maumivu, na kovu linaloweza kumtesa mama siku ya kujifungua. Mara nyingi hufuata mahari, ng'ombe wakaingia zizini na msichana akaaga darasa. Asiyekeketwa huitwa msagane, tusi linalomfuata hadi ukweni.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inamlinda msichana wa chini ya miaka 18. Adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Hata hivyo, wapo wasichana wanaokimbilia nyumba salama za Masanga na Mugumu wakimkwepa ngariba, na wakati mwingine wazazi wao wenyewe.

Kwa hiyo wanahabari, walimu na wazee wa mila, tuseme ukeketaji. Tohara tuwaachie wavulana. Mtoto aliyeumizwa anastahili neno lisilomficha aliyemuumiza.