Somo la Leo: Sheria ya Watu wa Zimamoto

Fungueni madaftari. Leo tunasoma habari za mji wa New York, Marekani.

Tarehe 11 Septemba, 2001, majumba mawili marefu yalianguka. Watu 343 wa idara ya zimamoto walikufa, wakiwamo wahudumu 2 wa magari ya wagonjwa. Wenzao walichimba kifusi kwa miezi mingi, wakivuta vumbi lenye sumu. Baadaye wengi walishikwa na maradhi ya mapafu na saratani.

Je, nani alipe matibabu yao? Iliwabidi wakadai mbele ya Bunge. Sheria ilitiwa sahihi Januari 2011, baada ya miaka zaidi ya 9. Mwaka 2019 muda wa fidia uliongezwa hadi 2092.

Sasa andikeni: Aokoaye watu naye alindwe.