Kabla ya Wasifu Kulikuwa na Kipande

Mwanamume Mwafrika aliyebisha hodi kwenye shamba la mlowezi nchini Kenya miaka ya 1920 hakuandika wasifu. Ulikuwa umeshaandikwa, tena na watu wengine. Aliuning'iniza shingoni kwa kamba, umekunjwa ndani ya kikasha cha chuma, na mwajiri alitaka kwanza kuiona karatasi iliyomo. Karatasi hiyo ndiyo kipande.

Sheria iliyokileta ilipitishwa mwaka 1915. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vikachelewesha utekelezaji wake, lakini kufikia 1920 kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kusajiliwa na kutembea nacho. Ndani yake mliandikwa jina lake, kabila, mahali alikotoka na alama za vidole. Kisha zikafuata habari za kazi: aliyemwajiri, siku ya kuanza, siku ya kumaliza, mshahara, na sahihi ya kumruhusu aondoke. Mwenye kipande hakuandika humo hata neno moja.

Sahihi hiyo ilikuwa na nguvu kuliko maandishi mengine yote. Aliyeondoka bila kutiliwa sahihi alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Alama za vidole zilisaidia kumsaka hata akihamia wilaya nyingine. Mshahara ulioandikwa nao uliumiza kwa namna yake. Mtu aliyelipwa kidogo shamba la kwanza alifika la pili bei yake ikiwa imeshajulikana, na mlowezi wa pili akawa hana sababu ya kuongeza. Katika habari zote za kipande, hili ndilo linalonikera zaidi. Ni mapatano gani hayo, ikiwa mmoja ameshasoma siri zote za mwenzake?

Upinzani haukukawia. Harry Thuku, aliyewahi kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti kisha akawa mhudumu wa simu katika Idara ya Hazina jijini Nairobi, alianza kuwaunganisha watu mwaka 1921, walowezi walipokuwa wakipunguza ujira wa Waafrika. Kipande, kodi na ujira ndiyo yaliyokuwa madai yake. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulifurika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, mwanamke aliyeitwa Mary Muthoni Nyanjiru akawahimiza wanaume wasirudi nyuma, na risasi zikafyatuliwa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walitaja idadi kubwa zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu.

Kipande kilidumu robo karne zaidi. Sheria ya mwaka 1947 ndiyo iliyoleta usajili wa watu wa rangi zote, na Wazungu walipoambiwa nao watie vidole kwenye wino, wengi wao walikuja juu.

Leo Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe anayeondoka cheti cha utumishi: majina ya pande zote mbili, aina ya kazi, mahali, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Mshahara haumo katika orodha hiyo. Kifungu hichohicho kinasema mwajiri halazimiki kutoa ushuhuda wowote kuhusu tabia au utendaji wa mtu. Sehemu hiyo sasa ni ya mwomba kazi mwenyewe kuisimulia.

Inanisikitisha kuona wengi wakiiacha tupu. Wasifu nyingi ninazozisoma bado zimekaa kama kipande: jina, namba ya kitambulisho, dini, kwao, shule tangu ya msingi, kisha orodha ya waajiri na miaka. Meneja mwenye bahasha mia mezani hana la kushika hapo, kwa sababu bahasha zote mia zinasema vivyo hivyo. Na matangazo ya kazi yanayodai utaje mshahara wako wa sasa yanairudisha ile safu ya zamani. Jibu halali ni kutaja kiwango unachokitarajia kwa kazi mpya.

Aliyekuwa karani wa ghala asiishie kuandika "karani wa ghala, 2019 hadi 2022". Aseme alikuta hesabu ya bidhaa ikifanywa mara moja kwa mwaka akaifanya ya kila mwezi, na upotevu ukapungua kwa kiasi gani. Dereva ataje aina ya magari, njia alizopita na miaka aliyoendesha bila ajali. Aliyetoka chuoni jana ana hesabu za chama cha wanafunzi alizotunza au shamba la mama alilosimamia likizoni. Kurasa mbili zinatosha, mradi kila mstari uwe wa kweli na mwandishi aweze kuueleza akiulizwa kwenye usaili.