Uzi na Mkono Uliousokota

Nguo tuvaazo asili yake ni uzi. Basi leo twatazama jinsi Wachina wa kale walivyousokota.

Huko Hemudu, katika jimbo la Zhejiang, vilifukuliwa vigae vya mviringo vyenye tundu katikati, vya yapata miaka 7,000. Kijiti kilitiwa tunduni, kikazungushwa kwa vidole. Uzito wa kigae ukakifanya kizunguke kama pia, kikisokota uzi. Lakini kazi ilikwenda polepole.

Zamani za wafalme wa Han (206 K.K. hata 220 B.K.) lilikuwapo gurudumu: mkono mmoja hulizungusha, wa pili huvuta uzi. Baadaye likatiwa kikanyagio cha mguu, mikono yote miwili ikawa huru.

Mwishoni mwa karne ya 13 mwanamke mmoja, Huang Daopo, alirudi kwao Songjiang kutoka kisiwa cha Hainan, akawafunza majirani kazi ya pamba. Yasimuliwa kuwa gurudumu lake lilisokota nyuzi tatu pamoja. Songjiang ikasifika kwa nguo zake, naye alipokufa watu walimlilia.

Twaona basi: chombo chema huupunguzia mkono taabu, na ujuzi huzidi ukigawanywa.