Dakika Tatu za Kimya Baharini

Katika vyumba vya redio vya meli za zamani, uso wa saa ya ukutani ulikuwa na sehemu mbili nyekundu: dakika ya 15 hadi ya 18, na ya 45 hadi ya 48. Mshale ulipoingia hapo, kila mtuma telegramu aliacha kutuma, akatega sikio kwenye kilohezi 500. Aliyekuwa akizama, hata mtambo wake uwe dhaifu kiasi gani, alipata nafasi ya kusikika.

Ukeshaji huo ulinunuliwa kwa roho za watu. Ishara ya kuomba msaada ilikuwapo mapema: SOS ilikubaliwa Berlin mwaka 1906, ikaanza kutumika rasmi Julai 1908. Lakini usiku wa 14 Aprili 1912, Cyril Evans, mtuma telegramu wa meli ya Californian, alipoitahadharisha Titanic juu ya barafu, mwenzake wa huko, Jack Phillips, alimwambia anyamaze. Phillips alikuwa na lundo la telegramu za abiria za kutuma. Evans akazima mtambo, akalala. Hakuvunja sheria yoyote, kwani haikuwapo iliyomtaka mtu akeshe. Titanic ilipogonga barafu na Phillips akaanza kuomba msaada, Californian, iliyokuwa jirani zaidi, haikusikia. Miongoni mwa waliosikia alikuwa Harold Cottam wa meli ya Carpathia, ambaye naye alikuwa akijiandaa kulala. Carpathia ilifika alfajiri, ikaokoa watu zaidi ya 700. Zaidi ya 1,500 walikuwa wamekufa.

Mkataba wa usalama baharini uliotiwa saini London mwaka 1914 ulitaka meli kubwa za abiria zisikilize usiku na mchana.

Redio ya sauti ilipoenea, maneno matatu yakagawanya hatari, kila moja likitamkwa mara tatu. Mayday ni kwa chombo au maisha yaliyo hatarini sasa hivi. Pan-pan ni kwa shida ya haraka isiyofikia hapo, kama injini kuzimika. Sécurité hutangulia tahadhari ya dhoruba au gogo linaloelea njiani.

Tangu Februari 1999, mashine ndiyo inayokesha kwenye chaneli 70, na sauti husikika kwenye chaneli 16. Wavuvi wengi wa pwani yetu bado hutegemea simu ya mkononi, nayo humfikia mtu mmoja tu, tena akiipokea. Mwito wa redio humfikia kila nahodha aliye karibu na redio iliyowashwa, hata asiyemjua anayeita.